Bi Nesi, nilimchoma mgonjwa sindano ya maji na sasa silali

Assalaam alaykum Bi Nesi, shkamoo.

Barua hii nna wiki tatu naiandika nikiifuta. Mie ni daktari, mtoto wa kike, miaka 28, nafanya kazi spitali moja huku Pemba, jina lake naomba nibaki nalo. Nna wagonjwa wawili hawanitoki kichwani na jambo lao ni moja, dawa ya maumivu, nimpe nani nimnyime nani.

Wa kwanza ni bibi, mtu mzima wa miaka 70 na kitu, ana kansa ya ziwa, kidonda kishafunguka na ugonjwa ushaingia mifupani. Alipelekwa Ocean Road, spitali ya kansa kule Dar, ikaonekana umeshaenda mbali, akarudi na maelezo aendelee na dawa za kutuliza. Sasa yuko wodini kwetu. Usiku anatafuna ncha ya kanga ili mjukuu anaelala nae asimsikie, asubuhi naikuta kanga imetoboka. Panadoli na diklofenaki hazimfiki kabisa. Morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, ipo, iko kabatini kwa kufuli mbili, lakini mwanawe mkubwa kakataa, kasema "mamaangu hapewi unga wa spitali". Mtu mwenyewe anaheshimika mtaani, ana umri wa babaangu, na nimesikia mdogo wake alikufa Unguja kwa unga huo wa mitaani. Anasema mamaake atakufa kalewa hata shahada asiweze kuitamka. Tena kanikataza nisimwambie bibi kama ni kansa, kaambiwa ni jipu.

Juzi mwanawe katoka kwenda kusali Magharibi, bibi akanishika mkono akanambia, "mwanangu niondoshee kitu hichi, na kama hukiwezi basi niombee niondoke mie." Nikaenda kulia stoo. Nesi mmoja mkubwa kanishauri nimtilie morfini kwenye uji kimya kimya, mwanawe hatojua. Bi Nesi nimekaribia kufanya hivo.

Wa pili ni kijana wa miaka 19, ana seli mundu (sickle cell). Alikuja Jumamosi usiku, mgongo na miguu vinamuuma, akaomba pethidini, sindano kali ya maumivu, kwa jina lake na dozi yake. Homa hana, presha nzuri, kakaa anachezea simu. Wenzangu wakanambia huyu kila mwezi yupo, huyu teja, mtie maji ya sindano, akinyamaza ujue muongo. Na mie nikakubali, nikaandika nikasaini. Kweli akanyamaza nusu saa, watu wakacheka, tukampa panadoli akaenda zake. Siku ya pili mamaake kamrudisha kifua kimembana, oksijeni imeshuka, ikabidi ahamishwe. Yuko hai alhamdulillah. Ila mamaake alivoniangalia sijui nitasahau lini.

Nifanye nini na bibi, na vipi nijue siku nyengine nani kweli anaumwa na nani ananidanganya?

Daktari asielala, Pemba

—

Waalaykum salaam warahmatullah mwanangu, marhaba.

Nianze na sindano ya maji maana naona ndo iliyokuandikisha barua. Na mie nishawahi kuichoma. Enzi zangu za unesi tulifundishwana wodini na wakubwa zetu, mgonjwa akisumbua mchome maji umpime, na hakuna alieona kama ni kosa, tuliona ni akili. Mama mmoja nilimchoma akanambia ahsante, hio ahsante ninayo mpaka leo.

Sikiliza ilivyo. Mtu akiamini kapewa dawa, ubongo wake wenyewe unatoa vitu vya kutuliza vinavyofanya kazi pale pale inapofanyia morfini. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani waliwachukua watu waliong'olewa magego, waliopata nafuu kwa dawa isiyokua na kitu ndani, kisha wakawapa naloksoni, hii tunayoitumia kuzimua morfini, na ile nafuu ikapungua. Yaani nafuu ilikua ya kweli na maumivu yalikua ya kweli. Kwa hio yule kijana alivyonyamaza nusu saa hamkugundua kama ni muongo, mlichogundua ni kwamba alikuamini wewe daktari, na mkaitumia imani yake kumtoa mlangoni. Nayasema hivi kwa ukali kidogo mwanangu na unisamehe, kwa sababu nataka sindano hio ife hapo wodini kwenu na wewe ndo wa kuizika.

Eti anajua jina la dawa na dozi. Mwenye sukari akikwambia asubuhi anachoma yuniti 20 za insulini humwiti teja, unasema huyu anajua maradhi yake. Mtoto wa seli mundu maumivu yake ya kwanza pengine yalimpata hata meno hayajakamilika, viganja na nyayo zikamvimba mamaake akadhani kang'atwa na mdudu. Sasa ana miaka 19, keshalazwa mara ngapi, vipi asijue jina la sindano iliyomsaidia? Na hio simu, ndio anachojisahaulishia. Mtu alieumwa maisha yake yote hapigi mayowe kama alievunjika mguu leo, keshajifunza kutulia, na maumivu ya seli mundu hayana kipimo cha damu wala cha presha cha kukuonesha yapo au hayapo. Kipimo ni mdomo wake. Waingereza kwenye muongozo wao wa 2012 wameandika mgonjwa wa namna hii apewe dawa ndani ya nusu saa tangu afike, na kama makali ni makubwa ni morfini au ya jamii yake, kisha unarudi kumuuliza kila nusu saa mpaka atulie. Pethidini kweli haimfai, mabaki yake yanajikusanya mwilini na yanaweza kuleta degedege. Basi pale ungemwambia mwanangu pethidini sikupi kwa sababu hii na hii, lakini nakupa morfini, na ungemuona anavyokubali.

Kuhusu kifua chake sitokudanganya ili ulale. Kifua cha seli mundu kinaweza kuja siku ya pili au ya tatu hata mtu akipewa dawa zote, na morfini ikizidi nayo inampa mtu pumzi fupi na kukiharibu kifua. Ila mgonjwa alieaminika angelazwa, angekua kitandani na dripu yake, kuna mtu anamsikiliza mapafu na kumuhimiza avute pumzi ndefu, na ile oksijeni ingeonekana mapema. Hapo ndipo mlipomkosea. Mtafute, namba ya mamaake imo kwenye faili, nenda mwenyewe usitume mtu, umwambie ile sindano ilikua maji na mie ndo nilisaini, naomba radhi. Najua utaogopa. Anaweza kukutukana, mama anaweza kwenda kushitaki, na wana haki hio. Lakini kijana yule atarudi spitali mara nyingi sana maishani mwake na asipojua ukweli ataendelea kujiuliza kama maumivu yake ni ya kweli, maana daktari kamchoma dawa haikumsaidia zaidi ya nusu saa. Na muulize kama kashaanzishwa haidroksiyurea, ile inapunguza idadi ya mara anazobanwa, pengine hakuna aliewahi kuhangaika kumwambia kwa sababu kila akija wote mnashughulika na uteja wake.

Na tuseme ni teja kweli, maana wako wanaotumia na huku wanaumwa, mtu hachagui maradhi ya kumkuta. Teja akivunjika mfupa unamuuma kama wako. Pale spitali ya Kidongo Chekundu, Unguja, methadoni, dawa ya kunywa ya kuwatoa watu kwenye unga, inatolewa tangu 2015, na wako watu wetu wamesimama kwa dawa ile wanafanya kazi wanalea watoto. Mtu anaekunywa methadoni mara moja kwa siku, ile inamzuilia arosto siku nzima, lakini kwenye maumivu inamshika masaa sita au manane tu, na mwili wake ushazoea, kwa hio akiumia anahitaji dawa ya maumivu juu ya methadoni yake na mara nyingi zaidi ya mtu mwengine. Kumnyima ndo kumrudisha maskani akaitafute huko. Unampa ukimuangalia, dozi mkononi mwako na sio furushi la kwenda nalo nyumbani, unawasiliana na kliniki yake, mnakubaliana na yeye mwenyewe wazi wazi mtaanza lini na kushusha lini. Umeniuliza utajuaje nani anakudanganya, mwanangu utadanganywa mara moja moja, hakuna daktari asiedanganywa, ila pima, ukimpa dozi moja alietaka kulewa umepoteza mililita kadhaa za dawa, ukimnyima anaeumwa umepoteza nini unakijua sasa kuliko mie.

Sisemi dawa hizi zimwagwe kama maji ya kunde. Marekani waliimwaga. Kampuni ya Purdue Pharma ilitoa OxyContin mwaka 1996 ikaipigia debe kwa madaktari kwa migongo na magoti ya kila siku, wakiambiwa hatari ya uraibu ni ndogo, na mwaka 2007 kampuni ikakiri mahakamani kwamba iliitangaza kwa udanganyifu, watu washaharibika wengi. Kwa hio mwalimu wa skuli mwenye mgongo wa miaka mitano anaekuja kila Jumatatu kutaka tramadoli, nayo ya jamii ya morfini, huyo mazoezi na mazungumzo yatamfaa zaidi, na ukimwambia hapana mpe na sababu. Lakini khofu ya Marekani usiilete kwenye kitanda cha bibi wa Pemba mwenye kansa mifupani. Ripoti ya jarida la Lancet ya 2017 ilihesabu tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini zilizokua zikigaiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zikapata tani 0.1. Wengine wamezama kwenye dawa hizi na sisi bibi zetu wanatafuna kanga.

Haya, bibi.

Kwenye uji usitie. Najua aliekushauri ana huruma, lakini hio ni mwizi kuiba kwa ajili ya mwenye mali. Atasinzia siku ya kwanza, mwanawe atauliza kapewa nini, mtasema uongo wa pili, kisha wa tatu, na siku bibi akifariki (na atafariki, kwa kansa yake) mwanawe ataamini mpaka kaburini kwake kwamba mmemuua mamaake kwa uji. Tena na bibi mwenyewe utakua umemdanganya, yeye ambae kesha kuomba kwa mdomo wake.

Maana kakuomba mwanangu, umeona? Mwenye mwili kasema. Mwanawe ana haki ya kuheshimiwa, kuelezwa, kusikilizwa, wala usimpite kama kiti, lakini maumivu sio yake hata ayakatalie dawa, na bibi akili yake iko timamu. Kinachokuponza ni kwamba yeye mwanamme mwenye ndevu na wewe mtoto wa kike, basi usiende peke yako, chukua daktari wako mkubwa au matron, na muombe aje na mjomba au shangazi, mtu wa upande wa bibi.

Kabla ya kikao hicho ingia kwa bibi ukae kitako kitandani umuulize, bibi, wewe haya maradhi unayaonaje? Kisha, unapenda nikueleze mwenyewe au niongee na mwanao? Nakuapia wengi wanajua. Mtu kapandishwa boti mpaka Dar, kakaa foleni na wenye kansa wenzake, kidonda kinanuka, halafu aamini ni jipu! Ananyamaza ili mwanawe asiumie, na mwanawe ananyamaza ili yeye asiumie, wote wawili wanaugulia chumba kimoja bila kuongea. Akisema sitaki kujua, muongee na mwanangu, basi hio pia ni amri yake na utaifata, lakini hata hapo dawa ya maumivu kashaiomba.

Kwa mwanawe usianze na morfini. Anza na mdogo wake. Mwambie nimesikia ulizika ndugu kwa unga, pole sana, na unyamaze umuache aseme. Hio khofu yake ina kaburi lake, sio ujinga, sote huku tuna mtoto wa jirani au wa ndugu alieondoka hivo. Akishasema ndo umueleze tofauti. Nduguye alikua anaikimbiza dawa na dawa inamla, ikimtoa kwenye nyumba, kwenye kazi, kwenye sala. Bibi dawa itamrudisha kwenye vitu hivo hivo, atakaa kitako, atakula, ataongea na wajukuu. Mwili wake utaizoea, ndio, kama unavyozoea dawa nyengine nyingi ukazikata ghafla ukaumwa, na ndo maana hatukati ghafla, lakini kuzoea sio uteja.

Kwenye shahada hapo msikilize vizuri maana hilo kwake ndo kubwa kuliko yote, na ni kubwa kweli. Mueleze kwamba hupimi dozi mpaka alale, unapima mpaka maumivu yashuke huku akili ipo. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia, sehemu ni dawa na sehemu ni usingizi wa miezi aliokua hajaupata, kisha hukaa sawa. Kisha muulize, mama anaetafuna kanga usiku kucha anasali vipi sasa hivi? Nimekaa na wengi wakiondoka, na walioshindwa kutamka ni wale waliokua wanapiga kelele. Na dini yetu imetwambia tafuteni dawa enyi waja wa Mungu, na dharura ikihalalisha hata kilichokatazwa, sembuse dawa ilioandikwa na daktari. Kama bado ana shaka aje na imamu wa msikiti wake, mfunge mlango muongee, mie nishafanya hivo mara kadhaa na sijakutana na sheikh aliesema mgonjwa aachwe alie.

Akikubali anza kidogo, kwa umri wake miligramu 2.5 za maji ya kunywa kila baada ya masaa manne, kwa saa, sio mpaka alie. Akiumwa katikati ana dozi ya akiba kiasi hicho hicho, na kesho yake mnajumlisha mnapandisha. Figo zake zipime kwanza. Soma chupa, soma tena, kuna za miligramu 5 na za miligramu 50 kwa kila mililita 5, ni mara kumi hio, na makosa mengi ya kuua yako hapo na sio kwenye dawa yenyewe. Dawa ya kulainisha choo ianze siku hio hio, usisubiri, watu wengi wanaikimbia morfini kwa sababu ya choo. Kichefuchefu kipo siku za mwanzo kisha huisha. Hesabu pumzi zake na umuoneshe mwanawe kuhesabu, mpe kazi hio, mtu mwenye kazi mkononi khofu inampungua. Na kile kidonda, vunja vidonge vya metronidazoli usage unyunyize unga wake, harufu inaondoka, na nakwambia kuna wamama harufu ndo inayowauma kuliko mfupa, wanaona haya kukaliwa karibu. Mifupa pia inasaidika kwa mionzi ya mara moja tu ya kutuliza, ila ni boti tena mpaka Dar, hapo muulize bibi mwenyewe kama anaiweza safari au anataka kubaki na mikarafuu yake.

Yule daktari wa Uingereza, Cicely Saunders, aliefungua nyumba ya wagonjwa kama hawa London mwaka 1967, alikua akisema maumivu ya mtu anaekufa hayako mwilini tu. Kwa hio muulize na mengine, kuna mtoto yuko Omani hajaja? Kuna deni? Kuna mtu hawasemezani? Simu moja ya mtoto wa mbali nimeiona ikifanya kazi ambayo chupa haikuifanya.

Ukimaliza andika. Kila kitu, bibi kasema nini na nani alikuwepo, maumivu ni ngapi kwa kumi kabla na ngapi baada, dozi, saa, saini mbili kwenye daftari la kabati. Unaogopa kuulizwa akifariki, daftari lililojaa ndo litakalokujibia. Na kama mwanawe atakataa mpaka mwisho mpeleke juu kwa mkubwa wako siku hio hio, usiliweke mpaka wiki ijayo, kwa sababu bibi anaumwa leo usiku.

Kisha niandikie. Nataka kujua kalala masaa mangapi, na kanga yake asubuhi umeikuta vipi.

Bi Nesi